Fahali Aliyesahauliwa
Mwaka 1822 Richard Martin, mjumbe wa Galway, alilipatia Bunge la Uingereza sheria ya kuwakinga farasi, punda, ng'ombe na kondoo na ukatili. Mtesaji alitozwa faini isiyozidi pauni 5, asiyelipa alifungwa. Jina la fahali halikuandikwa humo. Mahakimu wakaamua kwamba sheria haimhusu, kana kwamba hakuzaliwa na ng'ombe! Upungufu huo mdogo wa kalamu ulikuwa mauti kwake: mbwa waliendelea kumrarua, amefungwa kamba, mbele ya umati ulioshangilia. Martin alirudi Bungeni na miswada mingine, akachekwa, ikakataliwa. Mwaka 1827 alipoteza kiti, akawakimbia wadai wake hadi Boulogne, Ufaransa. Alifariki huko Januari 1834. Fahali, mbwa na dubu walipata sheria yao mwaka 1835.