Maji ya Kigongo, Mwaka 1989

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka kwetu Mgori, mkoani Singida. Amepata ajira ya ualimu na amepangiwa shule katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Alikuwa na furaha mpaka sauti ilimtetemeka. Kisha akaniuliza, "Mjomba, hiyo pantoni ikoje? Ni kama basi, unakaa kwenye kiti chako mpaka ufike?"

Nilimwambia anipe siku mbili nimwandikie. Kumjibu kwa simu ingekuwa kumpunja, maana jibu la swali hilo nililipata mwaka 1989, nikiwa na miaka 17, kutoka kwa mzee ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua.

Kwanza ni lazima nieleze sisi ni watu wa namna gani mbele ya maji. Sisi wa rika langu tuliozaliwa Mgori tumekulia maji ya korongo. Kiangazi unachimba mchanga kwa mikono hadi kiwiko kinazama, unasubiri maji yajikusanye, unateka kidogo kidogo kwa kata hadi ndoo ijae. Ziwa tulilolijua lilikuwa Singidani, pale Singida mjini, na lenyewe maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Tulilitazama kwa mbali tukiwa tumepakia alizeti kwenda kuuza, tukaendelea na safari. Msitu wa Mgori tuliujua njia zake zote, tukajua mti wenye nyuki na mti wenye nyoka. Kuogelea hakuna aliyetufundisha, wala hakuna aliyeona sababu.

Mwaka ule nilikuwa utingo wa lori. Dereva alikuwa rafiki wa marehemu baba, nami nilimwita Baba Mdogo. Mwezi wa Agosti tulipakia magunia ya vitunguu kupeleka Geita. Wakati huo wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wamejaa Geita, na penye wachimbaji chakula hakilali. Tulishuka mlima Sekenke taratibu, tukakata mbuga ya Wembere, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Siku ya pili mchana tulifika Usagara, tukaiacha njia ya Mwanza mjini, tukakunja kushoto kuelekea Kigongo.

Pale barabara inakwisha. Mbele yako ni maji, ng'ambo ya pili unaona vilima vya Busisi. Ni mkono tu wa Ziwa Victoria, Ghuba ya Mwanza, lakini kwangu mimi ilikuwa bahari. Foleni ilikuwa ndefu: malori, mabasi, pikapu, watu wenye matenga ya samaki na vikapu vya nyanya. Baba Mdogo alitandika turubai chini ya lori akalala. Mimi nilibaki juu ya magunia kulinda mali. Niliambiwa tangu Mgori kwamba utingo hashuki juu ya mzigo.

Pantoni ilipofika, mlango wake wa chuma ulishuka na minyororo ikipiga kelele, ukagusa nchi kavu. Waliokuwa wakitoka Busisi walishuka, kisha zamu ikawa yetu. Mzee mmoja wa makamo, shati lake limepauka kwa jua, ndiye aliyekuwa akipanga magari. Hakupakia kwa foleni tu. Lori zito aliliita katikati, la pili akaliweka sambamba nalo, magari madogo akayagawa kushoto na kulia. Kila gari liliposimama alimwambia dereva maneno yale yale: zima injini, tia gia, vuta breki ya mkono. Kisha yeye mwenyewe aliinama akasukumiza kipande cha gogo chini ya gurudumu.

Alipofika kwetu aliinua macho akaniona.

"Wewe uliye juu, shuka."

"Babu, mimi si abiria. Mimi ni utingo wa gari hili."

"Shuka, mwanangu. Hata dereva wako anashuka."

Nilishuka kwa hasira. Niliona ananidharau mbele za watu, na niliwaza magunia yangu. Kumbe alikuwa ameshanisoma kwamba sijawahi kuvuka. Alinishika bega akanipeleka ubavuni mwa pantoni, penye reli, akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo: "Gari likiingia majini linakwenda na waliomo. Aliye nje ana nafasi." Akanionyesha maboya yaliyoning'inizwa. Halafu akaniuliza, "Ukiambiwa utoke hapa sasa hivi, unapita wapi?" Nikamwonyesha mlango mkubwa tulioingilia. Akatikisa kichwa. "Huko kuna magari. Wewe njia yako ni hapa pembeni. Usisimame kati ya gari na gari, na usikae nyuma ya gari."

Aliyasema haya bila kupandisha sauti, kama mama anayemwambia mtoto asiguse sufuria ya moto. Kisha akaenda kwa mwingine.

Tulipofika katikati, upepo uliongezeka. Sikuwahi kujua kwamba sakafu ya chuma yenye malori juu yake inaweza kuinuka na kushuka. Nilishika reli kwa mikono miwili. Hatua chache kutoka nilipokuwa, mwishoni kabisa, ilisimama pikapu moja iliyopanda mwisho. Mwenyewe alikuwa amekwenda upande wa pili kuongea na watu. Nyuma ya pikapu ile, kati ya bampa na mnyororo wa mlangoni, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia lake la dagaa akipunga upepo na ncha ya khanga.

Wimbi moja lilituinua upande wa mbele. Nikaiona pikapu inarudi nyuma. Haikurudi kwa kasi. Ilirudi polepole, bila mlio wowote, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyegeuka. Gurudumu lilipanda juu ya gogo, likasita pale juu kama linafikiri, likarudi chini. Mzee yule tayari alikuwa amefika. Alimvuta yule mama kwa mkono mpaka akaanguka ubavu, akasukumiza gogo la pili, akafungua mlango wa pikapu akavuta breki. Gunia la dagaa lilikuwa limebanwa na bampa, limepasuka, dagaa wakamwagika kwenye chuma.

Mwenye pikapu alikuja mbio. Alikuwa amezima injini, akasahau gia na breki. Mzee hakumtukana. Alimtazama tu, akaokota dagaa pamoja na yule mama, mikono ya wote wawili ikitetemeka. Wengi waliokuwa mbele walifika Busisi bila kujua kwamba kulikuwa na lolote.

Nimelifikiria gogo lile miaka yote hii. Mzee hakuliweka kwa sababu aliona hatari. Aliliweka kwa kila gari, kila safari, hata ziwa likiwa shwari. Siku ile moja ndiyo ilimlipa kwa siku nyingine zote. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba masharti ya pantoni ni usumbufu wa watu wa serikali. Kila sharti unalolikuta pale lina watu waliolilipia.

Mengine niliyajua baadaye, kwa redio. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka na watu 272 wakafa. Chombo kilijengwa kwa watu 300 na kilikuwa kimebeba zaidi ya hao. Kilikuwa meta 40 tu kutoka ukingoni. Nilipoisikia hesabu hiyo nilitoka nje nikapima kwa hatua uani kwangu: meta 40 ni kama kutoka mlangoni hadi kisimani. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, ilizama MV Bukoba ikikaribia Mwanza, ikiwa imejaza kupita kiasi. Mamia walikufa, na makaburi ya wengi wao yapo Igoma hadi leo. Ile ilikuwa meli, si pantoni, lakini maji ni yale yale niliyoyavuka mimi.

Kisha likaja la Ukara, na hili mpwa wangu lazima alijue kwa sababu ndiyo njia yake. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, wengi wa abiria wakirudi kutoka gulioni. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, watu wa nchi kavu wakikiona kwa macho. Zaidi ya watu 220 walikufa, na 41 waliokolewa. Mmoja wa hao alikuwa fundi wa kivuko aliyetolewa hai siku mbili baadaye, akiwa amebaki penye hewa karibu na injini. Baada ya msiba ule serikali ilijenga kivuko kikubwa zaidi kwa ajili ya njia hiyo. Jambo jema. Hata hivyo, kivuko kikubwa nacho kina hesabu yake, na hesabu hiyo ikivukwa ukubwa hausaidii kitu.

Na mwaka 2019, tarehe 29 Septemba, pale Likoni, Mombasa, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye kivuko likiwa na mama na binti yake mdogo ndani. Walipatikana siku 12 baadaye, bado wakiwa garini. Niliisoma habari ile gazetini nikamkumbuka mzee wa Kigongo na maneno yake. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa mwanangu, sikiliza. Utavuka mara mbili: Kisorya, upande wa bara, kwenda Rugezi, kisha Bugolora kwenda Bwisya. Fika mapema, mchana, ili usivuke kwa haraka. Kata tiketi yako mwenyewe, maana tiketi ndiyo inayokuhesabu, asiyehesabiwa hatafutwi. Basi likikaribia pantoni, utaambiwa ushuke. Shuka, hata kama mvua inanyesha, hata kama umembeba mtoto wa mwenzio aliyelala. Usikubali kubaki kwenye kiti kwa sababu wengine wamebaki. Kama umepanda gari dogo la mtu, fungua mkanda na mlango, toka, na umwambie dereva kwa heshima: gia na breki ya mkono.

Ukiwa ndani, kabla ya kutoa simu kupiga picha, tafuta vitu viwili: maboya yako wapi, na ubavu wa kutokea uko wapi. Ukivishwa boya, lifunge kamba zake zote. Boya lililoning'inia shingoni bila kufungwa hukuchomoka. Usisimame kati ya magari, wala karibu na mlango wa chuma unaposhuka au kupanda. Mizigo midogo iache chini, mikono ibaki mitupu. Harufu ya mafuta ikikufikia, mwambie mhudumu, usinyamaze kwa aibu ya ugeni.

Mkikaribia gati, hapo ndipo uwe macho zaidi. Watu huinuka wote na kusogea upande mmoja kuwahi kushuka, na uzito wao husogea nao. Wewe baki ulipo. Mtongwe na Bwisya vyote viwili ni vilio vya watu waliokuwa wakiona nyumbani. Mahali pa kushuka hapakimbii.

Na kubwa kuliko yote: ukitazama ukaona watu wamezidi, rudi nyuma, subiri chombo kinachofuata. Utaambiwa wewe mwoga, utaambiwa watu wa bara hamjui maji. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kutojua kwetu si aibu. Mwalimu mkuu wako atakuelewa ukichelewa kwa saa mbili. Mama yako hatakuwa na wa kumweleza lolote usipofika.

Kigongo yenyewe siku hizi haina foleni ile. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo hadi Busisi, la kilomita 3, lililopewa jina la J.P. Magufuli. Nilipita juu yake mwezi uliofuata. Dakika chache tu, tukawa ng'ambo. Nilimwomba dereva apunguze mwendo nikatazama chini, mahali palepale gurudumu lilipopanda gogo likasita. Sikujua nimtumie nani salamu zangu za shukrani, maana mzee yule atakuwa ameshatangulia.

Lakini madaraja hayajamaliza pantoni. Kigamboni bado watu wanavuka kwa pantoni kila siku, na Ukara yako pia. Kila asubuhi kuna mtu wa korongo kama mimi anayefika ukingoni kwa mara ya kwanza na hakuna aliyemweleza kitu. Ukishazoea, mwanangu, ukamwona mgeni kama huyo amebaki garini, mshike bega umwambie ashuke. Mimi niliambiwa na mtu asiyenijua, na ndiyo maana leo nakuambia wewe.