Shule ya Makindye

Nilipoanza uuguzi mkoani Kagera, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mgonjwa asiyetarajiwa kupona alihamishiwa kitanda cha mwisho wa wodi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani kwetu, Ndolage, mwaka 1983. Miaka kumi baadaye vitanda vilijaa watu wa rika langu. Tuliwapa panado na aspirini. Pethidini ilifungiwa kabatini kwa ajili ya waliotoka chumba cha upasuaji, na aliyelia kwa saratani ya shingo ya kizazi aliambiwa avumilie. Wengine waliruhusiwa kwenda nyumbani, na sote tulijua wanakwenda kufanya nini.

Habari za Kampala tulizipata kwa manesi wa ng'ambo ya mpaka. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda, huduma ya kuwatunza wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993 akiwa na fedha za kuendesha kazi ya watu watatu kwa miezi mitatu. Sharti lake kwa serikali lilikuwa moja: unga wa mofini, dawa ya maumivu makali, uruhusiwe kuingia nchini. Unga ule unachanganywa na maji, dawa ya kuzuia usiharibike, na rangi. Ile isiyo kali ni ya kijani. Mgonjwa anainywa akiwa kwake, pasipo sindano wala kitanda cha hospitali. Tangu mwanzo Merriman alikusudia pia kufundisha, kwa kuwa gari la hospice lingewafikia wagonjwa wa Kampala na viunga vyake tu, ilhali maumivu yako Afrika nzima.

Mimi nilifika Makindye, Kampala, kwenye makao ya hospice ile, mwaka 2006, kusomea stashahada ya masafa iliyotolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere. Tulifundishwa habari za Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's jijini London. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yako mwilini, akilini, katika mahusiano yake na watu, na katika imani yake, na kwamba ukigusa sehemu moja tu hujamtibu. Tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, yote imesimama hapo.

Lakini haikuwa shule ya nadharia. Tulijifunza kusaga vidonge vya metronidazo na kunyunyizia kidonda kinachonuka, ili ndugu waweze tena kukaa karibu na mtu wao. Tulijifunza kutoa mofini kila baada ya saa nne, dozi ya kulalia ikiwa maradufu, na kutoisahau dawa ya kulainisha choo. Tulijifunza kuuliza kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Katika miaka yangu yote wodini hakuna aliyekuwa amenifundisha kuuliza.

Niliporudi Kagera nilimkuta bibi mmoja mwenye saratani ya titi. Tulimpandishia dozi, bado akainua vidole vinne. Nikakaa naye, nikamuuliza kinachomkosesha usingizi. Shemeji zake walikuwa wanakitaka kibanja, na wajukuu aliowalea hawakuwa na pengine pa kwenda. Tulimwita mwenyekiti wa kitongoji, wosia ukaandikwa mbele ya mashahidi. Wiki ile aliinua vidole viwili, kwa dozi ileile.

Uganda ilikuwa imefanya jambo kubwa mwaka 2004: wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waliruhusiwa kisheria kuandika mofini. Niliwaona wenzangu wakiiandika kwa mkono wao, kando ya kitanda, kijijini. Mimi nilipovuka mpaka wa Mutukula nilirudi kumtafuta daktari aweke sahihi, na daktari alikuwa mmoja kwa watu wengi mno. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu mgonjwa wa upande huu haumwi kidogo kuliko wa upande ule.

Makindye yenyewe imekua, kozi zake zimefika ngazi ya shahada, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi. Mofini ya maji inayotengenezwa na hospice ile inasambazwa Uganda nzima, na mgonjwa halipi. Huku kwetu ilianzia Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ikatufikia polepole.

Wauguzi ninaowafundisha sasa nawapeleka kwanza majumbani, kabla ya kuwaonyesha daftari la dozi. Wanarudi na maswali yasiyo na jibu la dawa: nani atalipia sare za mtoto, mama atazikwa kwa mumewe au kwa baba yake. Tunayajadili hayo asubuhi nzima. Mofini tunaifikia mchana.