Mashua Kabla ya Maji

Uzuri wa mashua huonekana na watu. Uzima wake hujulikana na bahari. Huko Lamu, kusi ikisha kupoa, mashua za mashindano hupwelezwa wakati wa bamvua, zikalazwa ubavu. Mwani hukwanguliwa, maungo ya mbao hukalafatiwa kwa pamba yenye mafuta, na chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Bamvua likipita kabla ya kazi kwisha, hapana budi kungojea jingine, siku kama 14.

Mzee mmoja na mjukuu wake waliona, karibu na mkuku, ungo lililoachia. Mashindano yalikuwa kesho kutwa.

“Babu, rangi italificha,” alisema kijana.

“Litafichika kwa nani, mjukuu wangu? Bahari haidanganywi kwa rangi.”

Mzee akaing’oa pamba yote. Bamvua likapita. Siku ya mashindano kijana aliyatazama matanga ya wenziwe, machozi yakimlenga. Jioni alishika nyundo na patasi, akaanza kushindilia pamba mpya, polepole, wala hakuna aliyemwamuru.

Ushindi huo haukupigiwa ngoma po pote. Lakini kila atakayepanda mashua ile ataurithi.