Betri Haikai Chini ya Ngazi

Kazi hii ya kufunga sola niliianzia kwenye betri za gari. Miaka ya tisini, boma lililokuwa na runinga ya rangi nyeusi na nyeupe huko Isinya au Ilbisil lilikuwa na paneli ndogo juu ya mabati na betri ya asidi chini ya meza. Betri ikichoka, ilipelekwa mjini kuchajiwa. Suruali zangu zote zilikuwa na matundu ya asidi. Hatari tuliijua: asidi huunguza, na betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo usiwashe kiberiti karibu nayo.

Betri ya lithiamu ilipofika nilikuwa wa kwanza kufurahi. Nyepesi, haiongezwi maji, na inadumu. Baada ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, simu yangu haikupumzika. Kitengela ni mji wa watu wanaojijengea, na siku hizi anayemaliza kupaka rangi anataka inveta na betri yake. Mahali pa betri huwa keshapachagua: chini ya ngazi, au stoo, ubavuni mwa mtungi wa gesi.

Hapo ndipo tunapogombana. Wala wateja si wakaidi. Wanaogopa wezi, na wana haki. Mwalimu mmoja aliniambia, "Fundi, ukiniwekea nje leo, kesho utanikuta sina betri wala waya." Nikamjibu, "Mama, watoto wanalala juu, ngazi ni hii moja, na madirisha yote yana grili." Alipanda, akakaa huko kitambo, akashuka akiuliza matofali yanauzwaje. Tukajenga kibanda nyuma, mbali na ukuta wa nyumba: mlango wa chuma, kufuli, paa la kukinga jua, matundu ya hewa chini na juu, na swichi kuu upande wa nje, ili mtu asilazimike kuingia ndani kuizima.

Matundu hayo wengi huyaona urembo. Seli iliyochajiwa kupita kiasi, iliyogongwa au yenye kasoro ya kiwandani huanza kuchemka kwa ndani, na joto lake huiambukiza jirani yake. Kabla ya mwali hutoka moshi mweupe wenye haidrojeni, kaboni monoksidi na sumu nyingine. Wauzaji husema betri za fosfeti ya chuma haziwaki. Ni kweli zinavumilia joto kuliko za nikeli, na ndizo ninazofunga. Lakini zikiharibika gesi hutoa, na gesi hiyo ikijaa chumbani hungoja cheche tu. Aprili 2019, katika kituo cha betri mjini Surprise, Arizona, mtambo wa kuzima moto ulimwaga dawa yake kama ulivyotakiwa. Seli ziliendelea kuchemka. Wazimamoto walipofungua mlango, gesi ililipuka na kuwajeruhi vibaya. Na hao walikuwa na mafunzo na vifaa. Sisi hata maji ya kuogea tunanunua ya bauza.

Mtungi mwekundu wa unga wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani ni mzuri kwa moto wa kapeti. Kwa betri huua mwali bila kupoza seli, na moto unaweza kurudi baada ya saa kadhaa, hata siku. Kwa hiyo wateja wangu nawafundisha jambo moja: ukiona moshi, toa watu, kaa mbali, piga simu.

Betri zinazoungwa kwa seli za laptop kuukuu, zisizo hata na kidhibiti cha kukata chaji, sizifungi. Zinauzwa rahisi. Wateja nimewapoteza kwa hilo, wakapata fundi mwingine kabla jua halijatua, pengine asiye na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Sasa kuna pikipiki za umeme, na baadhi ya vijana hulaza betri ndani, kando ya kitanda, ikichajiwa usiku kucha. Kwenye ploti za chumba kimoja kimoja nimeanza kuwashauri wenye nyumba wajenge kibanda cha pamoja cha kuchajia, uani, mbali na milango. Mmoja aliniuliza kama anaweza kukilipisha kodi. Nikamwambia alipishe.