Juu ya Moto wa Shamba



Tuko mwezi wa tisa. Jioni, mtu akisimama kando ya Lualaba, anaona moshi ng'ambo, fasi tatu ao ine. Watu wanachoma mabua ya mahindi na majani ya shamba mbele ya mvua kuanguka. Wengine wanachoma pori kwa kutafuta panya, lakini ile ni makambo ingine, siandiki juu yake leo.

Nilipokuwa na miaka kumi na tano, moto wa jirani uliingia katika mingazi ya mjomba wangu. Yule baba alichoma mabua yake saa saba ya mchana, jua kali, bila kuambia mtu. Alipoona moto umepunguka, akaenda nyumbani kula. Upepo ukageuka. Mingazi kumi na miwili iliungua, mingine mpaka moyoni, na ule wa kuungua moyo hautoi tena jani. Mafuta ya mingazi ile ndiyo yalikuwa yanalipa minervali yangu. Mwaka ule mama aliuza mbuzi wawili ili nisifukuzwe katika masomo.

Jirani alikuja kuomba radhi. Akasema: "Ndugu yangu, si mimi, ni upepo." Mjomba akamujibu: "Upepo hauna kiberiti, baba." Mambo yalifika kwa shefu wa kijiji, na yalikatwa kwa siku mbili.

Sheria si kitu kipya kwetu. Wakati wa Wabeleji ilitoka amri ya tarehe 23 Mei 1953 juu ya mioto ya pori, na inchi yetu ilipata sheria ya misitu tarehe 29 Agosti 2002. Lakini hakuna polisi anayesimama kwa kila shamba. Anayesimama pale ni mwenye kiberiti peke yake.

Tangu siku ile mjomba anachoma kwa namna yake, nami nimemusaidia mara nyingi. Siku moja mbele, anapita kwa kila mwenye shamba la karibu, anasema siku na saa. Kisha tunalima njia kuzunguka shamba lote, tunaondoa majani mpaka udongo unabaki mtupu, na kufagia. Hatua tatu hazitoshi fasi yenye majani marefu, pale tunaongeza. Mabua tunayakusanya katikati, mbali na miti na nyumba za majani. Anangoja saa kumi na moja ya jioni, wakati upepo umelala na umande unakaribia. Anarusha vumbi kidogo juu, aone linaenda wapi. Anawasha kwanza upande ule upepo unakokwenda, si ule unakotoka. Basi moto unatembea polepole kupigana na upepo, na nyuma yake inabaki fasi nyeusi isiyo na kitu cha kuungua. Vijana tunasimama na matawi mabichi, ndoo za maji na mchanga.

Kazi ngumu ni ya mwisho: kukaa. Kisiki kinaweza kuficha makala siku mbili. Mjomba anamwanga maji, anageuza majivu na jembe, kisha anakaribisha mgongo wa mkono. Kama anasikia joto bado, haendi.

Tena hachomi kila kitu. Majani ya karanga anawapa mbuzi, ao anayaacha yaoze. Katika masomo tumejifunza kama azoti inaenda na moshi, na majivu yanayobaki yanaweza kuchukuliwa na mvua ya kwanza. Lakini mabua yenye funza anayachoma, na hapo mimi niko upande wake, hata kama mwalimu wetu anapenda zaidi mbolea ya kuoza.

Jumamosi hii darasa la ine na la tano watasafisha shamba la shule. Mimi kapita wa kazi ndiye nitakayebeba kiberiti, mtu mwingine hapana. Najua wengine watasema kapita anapenda kurefusha kazi. Wenye shamba jirani nimekwisha kuwaambia. Nahitaji wawili wa kubaki nami mpaka majivu yapoe, hata usiku. Wanaokubali waandike jina kwa ubao wa darasa la sita mbele ya Ijumaa. Chakula chao kitawekwa jikoni.