Fundo la Leso

Baba yetu alipofariki, Mama alikaa eda bila kulalamika, nasi mabinti tukajisifu kwamba amesubiri vyema. Mwezi wa tatu, tulipokuwa tukimtandikia kitanda, tulikuta chini ya mto leso kuukuu iliyofungwa fundo pembeni. Ndani mlikuwa na nywele. Alikuwa akizikusanya kila asubuhi kutoka kwenye kitana, asitwambie.

Shangazi alisema ni jicho. Daktari alimpima damu, kisha akatueleza kwamba mshtuko mkubwa huzipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, nazo hudondoka baada ya miezi 2 au 3. Mashina yake hayafi. Moyo ukitulia na mwili ukipata chakula, aghalabu huota tena.

Tukatahayari. Ni sisi tuliokuwa tukiondoa sahani zake zikiwa nusu, tusiulize.

Katika eda hatukumtia mafuta. Tulimwosha kichwa kwa majani ya mkunazi, tukamchana taratibu kwa chanuo, tukaacha kumsuka kwa kukaza. Tulikaa naye kula. Tena tukamwacha amtaje Baba, jambo tulilokuwa tukilikatiza tukidhani twamfariji.

Ilipotimia miezi 4 na siku 10, tukaanza kumpaka mafuta ya nazi. Mwezi wa nane, vidole vyetu viligusa vinywele vifupi juu ya paji lake. Mama alicheka huku akilia.

Enyi wenzetu, ushungi wa mfiwa husitiri mengi. Mwulizeni.