Nukta Nyekundu Mjini Juba

Nilistaafu polisi Kenya nikiwa mwalimu wa shabaha, na baada ya mapigano ya Julai 2016 nikapata kazi Juba ya kuwanoa walinzi wa wakubwa. Vijana wangu wengi walikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa hiyo Kiswahili tulikuwa nacho tayari na renji haikuhitaji mkalimani.

Mwajiri alipopata fedha za kuboresha bastola, akaniuliza: darubini au kioo cha nukta nyekundu? Yeye alipenda darubini. Aliamini kwamba anayeona karibu zaidi hulenga vizuri zaidi.

Darubini ya bastola ina mahali pake. Wawindaji wa Marekani huifunga juu ya bastola kubwa, wakaegemeza mikono na kumsubiri mnyama. Lakini kinachokuza mnyama hukuza pia mtetemo wa mkono, na huonyesha kipembe kidogo tu cha mbele yako. Mlinzi anayeshuka garini soko la Konyo Konyo yuko katikati ya akina mama wauza samaki, bodaboda na watoto. Hatari ikija, itakuja kutoka mita 5, labda 10. Hapo jicho lililobanwa ndani ya darubini ni jicho lililopotea.

Nukta hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Taa ndogo hupiga kioo, kioo kikarudisha mwanga machoni, na nukta ikaonekana kama imekaa kwenye shabaha yenyewe. Aimpoint ya Uswidi ilitoa ya kwanza ya kielektroniki mwaka 1975. Kwa vilengeo vya chuma, jicho hushughulika na cha nyuma, cha mbele, kisha shabaha, na lazima ling'ang'anie cha mbele. Kwa nukta, macho yote mawili hubaki wazi, yakimtazama mtu. Kijana mmoja, mwenye shabaha nzuri kuliko wenzake, alishusha bastola akaniambia, "Afande, sasa namwona hata aliyesimama nyuma yake." Hiyo ndiyo sababu niliyoitetea kwa nguvu zangu zote, kwa maana risasi inayompita mhalifu Juba haikosi mtu wa kumpata.

Juba yenyewe iliamua aina ya kioo. Kwenye kioo kilicho wazi, tone la mvua au vumbi likikaa juu ya ile taa, nukta hupotea au huchanika. Nikataka aina iliyofungwa kioo mbele na nyuma, vilengeo vya chuma virefu vya kuonekana kupitia kioo, na betri zibadilishwe kwa tarehe maalumu, ziwe zimeisha au la. Kwenye mazoezi nilikuwa nazima nukta bila kuwaambia, nione kama mikono bado inakijua chuma.

Mwajiri alisoma ripoti yangu, akauliza tutafanyaje adui akiwa mbali. Nikamjibu kwamba kwa mbali mlinzi hachomoi bastola. Anamrudisha mkubwa garini, na dereva anaondoka.